Nimerudi kwenye chuma baada ya miaka miwili: darasa la wanaorudi, Kilimani

Naanza na jawabu kwa wenye haraka. Kama uliwahi kufanya pole fitnesi, yaani mazoezi ya kupanda na kuzunguka kwenye nguzo ya chuma iliyosimama, ukaacha, iwe kwa uzazi, ugonjwa, kazi, kuuguza mtu, au pesa tu zilikata, na sasa roho inakuvuta urudi lakini unaogopa, basi hili darasa limetengenezwa kwa ajili yako. Ni wiki nane, Jumanne saa 12:30 jioni mpaka saa 2, wanawake wanane tu, iko Kilimani, Nairobi. Mie nimemaliza juzi. Jina la studio siliweki hapa hadharani na si kwa ubaya, ni vile tuko wachache na wenzangu wawili hawajasema nyumbani kwamba wanafanya hii kitu, sasa mtu akishajua studio na siku na saa atawajua tu. Anayetaka kweli aniulize pembeni nitamwelekeza mpaka mlangoni.

Nataka nieleze kwa kirefu manake maoni mengi ninayosoma ya hizi studio ni "walimu poa, mahali safi, nyota tano" halafu basi, na mtu aliyekaa nje miaka miwili hiyo haimsaidii chochote. Yeye anataka kujua nikifika pale watanifanya nini.

Mie nilikuwa mtu wa chuma miaka mitatu mfululizo. Darasani hatusemi pole, tunasema chuma, kwa hiyo na hapa nitasema chuma. Nilikuwa napanda mpaka nagusa dari, nakaa juu bila mikono, napinduka kichwa chini naning'inia kwa goti la mguu mmoja, ile wanaiita jemini, na nilikuwa naipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya na mwili wangu. Halafu mama akapigwa na kiharusi. Nikafunga nyumba Nairobi nikateremka Mombasa, na kwa miaka miwili na miezi mitatu mazoezi yangu yakawa kumnyanyua mama kitandani, kumgeuza, kumkalisha kitini, kumshika mkono tutembee uani hatua kumi, halafu ishirini, halafu mpaka mlango wa nje. Alhamdulillahi sasa anatembea mwenyewe na mkongojo, dadangu amehamia nyumbani, ndio nikapata nafasi ya kurudi kazini kwangu.

Nikarudi na uchu. Na hapo ndipo nilipokosea, au tuseme nilikosea mie na wakakosea walionipokea. Kabla ya hili darasa nilienda mahali pengine, sitapataja, nikawaambia nilikuwa kiwango cha tatu, wakanijibu karibu sana, ingia kiwango cha tatu. Hakuna aliyeniuliza ni lini. Jioni ya kwanza nikaona wenzangu wanapinduka na mie nikarusha miguu nikapinduka kwa nguvu ya kurusha, na kichwa kilikuwa kinakumbuka kila kitu, wapi nishike, mguu upi utangulie, mpaka pumzi ya kutoa. Jioni ya tatu kiwiko cha kulia kwa ndani, pale kwenye ule mfupa uliochomoza, kikapiga kama waya wa moto. Kesho yake nilishindwa kufungua chupa ya maji. Fizio, yule mtaalamu wa kutibu viungo kwa mazoezi, akaniambia ni kano, zile kamba zinazoshika msuli kwenye mfupa, na watu wa chuma huumia sana mahali hapo kwa sababu ya kule kukamata kwa nguvu na kuvuta. Wiki sita nje tena, baada ya miaka miwili ya kungoja! Nililia ndani ya matatu siku ile na sikujali nani ananiona.

Fizio huyo huyo ndiye aliyenifahamisha jambo ambalo natamani kila studio ilibandike ukutani. Misuli iliyowahi kufanyishwa kazi inarudi haraka, haraka kuliko ya mtu anayeanza kabisa, wiki chache tu unaanza kujisikia. Lakini kano haziendi mwendo huo, hazipati damu nyingi kama nyama inavyopata, zenyewe zinataka miezi. Kwa hiyo kuna kipindi mtu anayerudi ana nguvu ya kujiumiza kabla hajawa na nguvu ya kujizuia asiumie, na aliyewahi kufika mbali yuko hatarini zaidi ya yule mgeni kabisa, maana mgeni hawezi hata kujaribu hizo mbinu.

Sasa njoo hapa Kilimani. Nilipopiga simu kuuliza, swali la kwanza mwalimu aliniuliza "Umekaa nje muda gani, na ulikuwa ukifanya nini huko?" Nikamwambia nilikuwa nauguza. Akauliza unamnyanyuaje, peke yako au na mtu, upande gani. Nikashangaa. Siku nilipofika akanipapasa mgongo na mabega akasema, "Dada, mgongo wako una kazi ndani yake, miguu pia. Mikono ya kuvuta ndiyo imelala, sababu mgonjwa unamsukuma na kumwinua, humvuti kutoka juu." Kwa miaka miwili kila mtu alikuwa ananipa pole kwa vile nimepoteza mazoezi, na huyu ndiye wa kwanza kuniambia kwamba kumbe nilikuwa na mazoezi, tena akanionyesha yako wapi.

Kila mtu anapewa daftari lake, yale ya kawaida ya kurasa 32 ya watoto wa shule. Jioni ya kwanza ni kupimwa. Unashika chuma cha mlalo kilichofungwa ukutani unaning'inia, mwalimu anahesabu sekunde. Zamani nilikuwa napita 50 bila shida, safari hii 11. Anaandika 11 hana maoni. Halafu unaning'inia tena, safari hii unateremsha mabega yatoke masikioni bila kukunja kiwiko, mara ngapi, akaandika nne. Halafu unakunja magoti uyalete kifuani ukiwa umekaa chini, unabaki hapo, akaandika. Hakuna kiwango cha kwanza wala cha tatu kwenye hilo daftari, ni zile namba zako tu, na Jumanne inayofuata unaanzia hapo.

Wiki mbili za mwanzo miguu haitoki sakafuni zaidi ya kuning'inia. Najua inavyosikika, unalipa pesa uende kwenye chuma usipande chuma. Lakini dakika 90 zilikuwa zinaisha sijui zimeenda wapi. Dakika 25 nzima ni kupasha mwili, vifundo vya mikono chini sakafuni mbele nyuma, mabega, nyonga, na mie niliyetoka usawa wa bahari nikapandishwa mji ulioko karibu mita 1,800 pumzi ilikuwa inakata kabla hatujafika hata nusu, mwalimu akasema hilo nalo lipewe wiki zake. Wiki ya tatu ndio mzunguko wa kwanza, ule wa zimamoto, unatembea hatua tatu kuzunguka chuma, unainua miguu, unateleza unashuka. Nilipotua nikabaki nimekumbatia kile chuma kidogo kabla ya kukiachia.

Halafu wiki ya nne kupanda. Hapa nisimame kidogo.

Mjomba wangu alikuwa mgema kule Kilifi, na tulipokuwa watoto tulikuwa tunakaa chini ya mnazi kumtazama. Mgema hapandi kwa mikono. Mikono inashika tu asianguke nyuma, kazi iko miguuni, unyayo unaukumbatia mti, anajisukuma juu, mikono inafuata. Sasa mwalimu akasimama mbele yetu akaweka mguu, sehemu ya juu ya unyayo kwa nyuma ya chuma, muundi kwa mbele, goti linabana, mguu wa pili unakuja unafunga, akasema "Simameni juu ya miguu yenu, msijivute." Na mie miaka yote ile mitatu nilikuwa najivuta! Nilikuwa nina nguvu za mikono nikazitumia vibaya na hakuna aliyegundua kwa sababu nilikuwa nafika juu. Nikapanda siku ile kama mjomba, taratibu, kiwiko hakikusema neno, nikafika nusu ya chuma nikatulia. Ngozi ya juu ya unyayo ilichubuka na siku ya pili ikawa na alama ya zambarau kama sarafu, hiyo ni kawaida, ngozi nayo inasahau na inabidi izoee upya, wekea barafu usiogope. Alama za mapaja kwa ndani pia utazipata. Maumivu ya ngozi yanaisha, ila maumivu ya kiungo usiyapuuze, hapo simama umwambie mwalimu.

Kuhusu vyuma vyenyewe. Viko vinane, kila mtu na chake, hakuna kugawana kama sehemu nyingine mko watatu chuma kimoja unakaa unapoa. Sita ni kromu na viwili ni vya shaba ya manjano, vyote unene wa milimita 45 ambao ndio wa mashindano. Mwalimu anavikagua kabla ya darasa, anapanda ngazi anakaza kule darini, anatikisa, kila Jumanne, nimemwona kwa macho yangu. Vinaweza kufungwa vikae tuli au kufunguliwa vizunguke, ni ufunguo mdogo tu unageuza, na sisi tulifungiwa mpaka wiki ya tano sababu chuma kikizunguka kinakutupa nje, mkono unabeba zaidi, na kichwa kilichokaa miaka bila kuzungushwa kinapata kichefuchefu.

Kromu na baridi haviendi pamoja. Mimi nimeanza mwezi wa Julai, na wa Nairobi wanaijua Julai. Chuma kinakuwa kama kimetoka friji, ngozi imekauka, unashika unateleza. Mie nikadhani ni ugonjwa wa mikono yangu, nikaongeza chaki ya maji, nikateleza zaidi. Kumbe chaki ni ya mikono inayotoka jasho! Kule Mombasa ingenifaa, hapa mikono ilikuwa mikavu tayari na mie nazidi kuikausha. Mwalimu akanipa kitambaa chenye unyevu kidogo nifute viganja na nyuma ya magoti, akanihamishia kwenye shaba ambayo inashika zaidi, mambo yakanyooka palepale. Hita wanaiwasha nusu saa kabla na kabla ya kuanza kila mtu anakikumbatia chuma chake akisugue kipate joto. Baada ya kila zamu unafuta na spiriti. Na jamani, siku ya darasa hakuna mafuta, hakuna losheni, hata yale ya nazi, na ukiweza acha tangu usiku wa kuamkia. Mimi ni wa pwani, ngozi bila mafuta naona kama nimetoka nje bila nguo, lakini mafuta yako yanamwangusha na mwenzako anayefuata kwenye kile chuma. Pete na bangili pia zinabaki nyumbani.

Kaptula ni lazima, na hili watu wengi hulichukulia vibaya kwa hiyo niliseme wazi. Kinachokushika juu ni ngozi ya paja na ya nyuma ya goti, ukivaa suruali unateleza unaanguka, hakuna siri nyingine. Mlango unafungwa, madirisha yamewekwa karatasi ya ukungu, simu zote zinakaa kwenye kikapu, ni wanawake watupu mpaka anayesafisha. Mwenzetu mmoja anakuja na hijabu yake na buibui, anatundika, anafanya kazi, anavaa anaondoka, na ni hodari kuliko sisi wote. Kama bado moyo hautaki kaptula, Jumamosi asubuhi wana darasa la vitambaa, vile virefu vinavyoning'inia kutoka juu, na kule ni kinyume, suruali ndefu na mikono mirefu ndiyo inayotakiwa sababu kitambaa kinachoma ngozi kikisugua.

Watu wananiuliza, na wengine hawaulizi wananitazama tu. Shangazi yangu alisikia akaniambia hiyo ni michezo ya vilabuni. Kweli chuma kimepita vilabuni pia na siwezi kuwaficha hilo wala kuwadharau waliokicheza huko, maana mbinu nyingi tunazojifunza zimetoka kwao. Ila nilimwonyesha shangazi video za malakhamb ya Wahindi, wanaume wamepanda nguzo ya mti, jina lenyewe maana yake ni nguzo ya mwanamieleka, mchezo umetajwa kwenye maandishi ya karne ya 12. Nikamwambia pia mwaka 2017 shirika la dunia la mashirikisho ya michezo liliipa pole nafasi ya mwangalizi, hatua ya mwanzo ya kutambuliwa kama mchezo, na hapa hapa Nairobi wapo vijana wa sarakasi wanaopanda chuma kilichovalishwa raba na suruali zao na sote tunawapigia makofi. Shangazi akatazama yule Mhindi amelala ubavu juu ya nguzo akasema, "Huyu ana pumzi." Hajasema zaidi ya hapo, lakini hajanikataza tena.

Darasani tulikuwa mchanganyiko. Wawili wametoka kujifungua, mmoja kwa upasuaji, na hao mwalimu hakuwapokea mpaka walipoonwa na daktari wao na aliwapima tumbo kama misuli ya katikati imeshafunga, kuna wiki tulifanya kupinduka na yule wa upasuaji akapewa kazi nyingine kabisa na hakuna aliyemfanya ajione kabaki nyuma. Yuko mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, alikaa nje miaka sita, sote tunamwita Mama na yeye ndiye anayetuhesabia tukiwa tumening'inia, anahesabu polepole makusudi.

Sasa mabaya, sababu yapo. Bei: wiki nane ni shilingi 12,000 na unalipa zote mwanzoni kwa M-Pesa, ni pesa nyingi kwa mtu aliyetoka kuuguza, niliomba nilipe mara mbili wakakataa, mwisho wakakubali baada ya mwalimu kuniombea. Hii ingekuwa taratibu ya kila mtu, isiwe ya kuombewa. Ukikosa Jumanne moja imeenda, hairudishwi, na kwa darasa la watu wenye watoto wachanga na wagonjwa nyumbani hilo haliko sawa kabisa, nimewaambia na ninarudia hapa. Magodoro ya kuangukia ni manne kwa vyuma vinane, siku za kupinduka ilibidi tupeane zamu, na mie ningeona bora wanunue manne mengine kabla ya ile taa ya zambarau waliyoweka mapokezi. Maji ya bafuni ni baridi. Na saa 2 usiku unatoka kutafuta gari mtaa ambao umeshatulia, tulichofanya ni kutoka sote pamoja mpaka stejini, lakini hiyo ilikuwa akili yetu.

Turudi kwenye kupinduka, manake najua ndicho wengi mnachotaka kusikia. Wiki ya sita tulianzia juu. Mwalimu na msaidizi wanakubeba wanakuweka kichwa chini, nyonga zimeshafika, halafu kazi yako ni kushuka tu, taratibu, hesabu ya tano, kiwiko kimefunga ubavuni. Mara tatu kila upande, basi, hata kama unajisikia una nguvu za kumi. Wiki ya saba hivyo hivyo, hesabu ya nane. Na marufuku kurusha mguu, ukirusha anakushusha.

Wiki ya nane nikasimama kando ya chuma, nikashika, nikateremsha mabega, nikavuta magoti kifuani na sakafu ikaniacha. Sikuruka. Nyonga zikapanda polepole mpaka nikaona dari, nikaona vidole vyangu vya miguu viko juu ya kichwa, nikafungua miguu, goti la nje likashika, nikaachia mkono mmoja. Nilikuwa nasikia Mama anahesabu. Kiwiko kilikuwa kimya. Kwenye daftari jioni ile sekunde za kuning'inia ziliandikwa 34, bado si ile 50 ya zamani na sina haraka nayo.

Mama yangu nilimpigia nikiwa stejini nasubiri gari na wenzangu. Akaniuliza kitu kimoja tu, "Na ule mkono?" nikamwambia mkono uko salama, akasema basi kesho unieleze, nimelala.

Darasa jingine la wanaorudi linaanza mwanzo wa mwezi ujao, nafasi ni nane na zinafunguliwa Jumapili saa 12 jioni, zinaisha haraka kwa hiyo kaa na simu mkononi. Njoo na kaptula, taulo dogo, chupa ya maji, na sweta la kuvaa wakati wa kupoa. Mie utanikuta upande wa pili, nimelipia Jumanne tena na Jumamosi nitajaribu vitambaa.